Maji Kinywani mwa Mwalimu

Zamani hizo walimu walikuwa hawajajua kunyamaza. Katika chuo cha waamuzi huko milimani Upare, mwalimu alisema, wanafunzi wakaitikia, na aliyekariri hukumu nyingi ndiye aliyeitwa msomi. Mwalimu wao, Mzee Mbonea, alipenda sana kuitikiwa, na hapakuwa na wa kumwambia kwamba ni tabia mbaya.

Mwaka mmoja vijiji viwili viligombania mfereji. Mbonea alimtuma Senzota, mwanafunzi aliyekuwa na kichwa chepesi kuliko wote, naye akatoa hukumu aliyofundishwa: walio juu wamwagilie kwanza, wakitosheka wawaachie walio chini. Ilikuwa hukumu nzuri, ila ilitungwa enzi za mvua. Mwaka ule jua lilikuwa kali, na walio juu hawakutosheka.

Nakiete, bintiye Mbonea, alikuwa ameolewa kijiji cha chini. Alipanda mlima na mtoto mgongoni.

"Baba, maharage yamekufa. Mahindi nayo hayamalizi wiki. Watu wameanza kufunga mizigo."

"Nani aliyeamua hivyo, mwanangu?"

"Ni wewe, baba. Senzota alisema maneno yako, hakupunguza hata moja."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mbonea alimkasirikia kwanza Senzota, kisha akajikasirikia mwenyewe. Kesho yake aliwaeleza wanafunzi kisa chote bila kuitetea ile hukumu, akawauliza wao wangeamuaje. Wakamtazama, wakingoja awape jibu waliitikie. Ulimi ulimwasha. Na kwa kuwa alijijua, alichukua kata, akajaza maji kinywani, akaenda kukaa mlangoni mashavu yamemvimba.

Kimya kilikuwa kirefu, cha aibu hasa. Mwishowe Senzota akasema, "Mimi sikuuliza kama mvua imenyesha." Mwenzake akamkatiza kwamba mvua si hoja, hoja ni nani aliyechimba mfereji. Wakabishana mpaka jua likawa la utosi. Kila walipopotea njia Mbonea alitaka kuwarudisha, akakumbuka maji. Kisha wakajirudisha wenyewe, na hilo lilimuuma kidogo.

Waliafikiana kwamba mchana maji yawe ya walio juu, na usiku yawe ya walio chini. Senzota mwenyewe alifuatana na Nakiete kwenda kutangaza hukumu mpya. Walio juu walinung'unika, lakini walikubali, mfereji ukafunguliwa jioni ile. Mahindi yakapona, na watu wakafungua mizigo yao. Naye Mbonea, siku ile walipokwisha kuafikiana, alitema maji nje ya mlango, hakuongeza neno.

Na tangu siku hiyo, mwalimu wa chuo kikuu afundishaye kwa kisa cha kweli huingia darasani na maji yake. Huyaweka mezani, hueleza kisa, huuliza swali, kisha hupiga funda moja. Tatizo ni kwamba wengi wao huyameza.