Mbwa Aliyelia Mlangoni kwa Kiboko

Hapo kale, wanangu, zamani hizo ambazo hata kiboko alikuwa na kitanda na shuka lake, kulikuwa na kijiji chenye desturi moja nzuri. Anayeugua halimi, na kila asubuhi anapelekewa chungu cha uji wa maziwa mpaka apone. Chungu chenyewe kilikuwa kimoja tu.

Siku ya kuanza kulima, Kiboko akaumwa. Mnacheka nini? Aliumwa bwana. "Oooh, mgongo. Oooh, kichwa. Oooh... huu uji mmeutia sukari?"

Mbwa mmoja mdogo, jina lake Kimbembe, akaenda kumjulia hali. Akamnusa, fnyu fnyu, miguu, masikio, mpaka pumzi. Hakusikia harufu ya ugonjwa hata kidogo. Alisikia harufu ya shibe.

Wakati wa kurudi akapita kwa Bi Kware, mjane ambaye mwewe alikuwa amemchukulia watoto. Alimkuta anafagia uwanja. Pua ya Kimbembe ikashtuka: homa kali hii, na huzuni juu yake. Alijilaza tu, akamwekea kidevu miguuni.

"Umejuaje, mwanangu?" Bi Kware akauliza, machozi yakimtoka.

"Unanuka homa, mama. Mbona husemi?"

"Chungu ni kimoja, na baba wa watu anakufa kule. Mimi nitajikaza."

"Ukijikaza hivi hufiki Ijumaa."

Kimbembe akatoka mbio hadi kwa Nyati na Tembo, wakubwa wa kijiji. Akawaambia, "Kiboko haumwi. Anayeumwa ni Bi Kware."

"Tangu lini umekuwa mganga?" Nyati akamcheka. "Bi Kware anafagia. Kiboko hata kugeuka hawezi."

Haya. Kijibwa akaenda kukaa mlangoni kwa Kiboko, akainua pua juu: "Uuuuuuu! Uuuuuuu!"

Majembe yakatupwa chini kijiji kizima. Nani asiyejua kwamba mbwa akilia hivyo mlangoni, humo ndani mtu anakufa? Tembo akaanza kuchimba kaburi nje ya dirisha. Nyati akaingia ndani na kamba.

"Nyooka kidogo, ndugu yangu, nikupime."

"Unipime nini?"

"Sanda. Usijali, wewe endelea tu kufa taratibu."

Kiboko akaruka kutoka kitandani. "Nimepona! Nimepona kabisa!"

"Ndivyo wanavyofanya," Tembo akasema kwa huzuni kutoka shimoni. "Huchangamka kidogo, halafu basi."

"Jamani, sikuwa naumwa. Nilikuwa nakwepa jembe."

Nyati akamtazama juu mpaka chini. "Maskini, sasa anaweweseka. Kama kweli huumwi, lima tukuone."

Kiboko hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alinyakua jembe, kwa! kwa! kwa!, akalima mpaka jua likazama, na kila alipotaka kupumzika alimwona Nyati amekaa pembeni na ile kamba.

Ndipo chungu kikapelekwa kwa Bi Kware. Alikuwa ameanguka kando ya ufagio wake, hawezi tena kuinuka. Tembo akamnywesha uji kidogo kidogo, na Kimbembe akalala miguuni pake.

"Mama," Nyati akasema kwa aibu, "mbona hukulia tukakusikia?"

"Nguvu zilibaki za kazi moja tu, baba," akajibu. "Nikachagua kufagia."

Alipona. Na ninyi mshike hili: anayeguna sana si lazima awe ndiye anayeumwa sana.