Sungura Awa Nyakanga

Zamani, wanyama walipokuwa wakisema na wanadamu wakisikiliza, jua lilikaa juu ya bonde la Namkongo mpaka mto ukageuka njia ya miguu. Yaliisha majani, yakaisha maganda ya miti, ikaisha na subira. Hata Simba, ambaye hakuwahi kula kitu kisichokimbia, alikutwa akitafuna mzizi. Alipoulizwa, alisema anasafisha meno.

Katika bonde hilo aliishi Sungura. Jina lake kamili lilikuwa Kapute bin Kapute, kwa kuwa babake hakuona haja ya kuhangaika kutafuta jina la pili. Kapute alijaliwa werevu, na werevu wote aliutumia kwa kazi moja tu, kula bila kuchimba. Ukame ukaja ukamharibia kazi, maana hapakuwa na mwenye kitu cha kuibiwa. Kapute alijitazama akajiona alivyo: mwerevu katikati ya wenye njaa ni mwenye njaa anayesema sana. Akajicheka, lakini kicheko hakikumshibisha.

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa kumbi. Vijana wa wanyama wote, kabla ya kuachana na mama zao, waliwekwa uani porini wakafundwa mambo ya dunia, na mwenye kuwafunda aliitwa nyakanga. Kwa miaka mingi nyakanga alikuwa Tembo, lakini Tembo alikwenda kutafuta maji kaskazini na hakurudi. Simba akaita baraza.

"Watoto hawa wakitoka bila kufundwa watakufa kabla ya mvua," akasema. "Nani atakuwa nyakanga?"

Kapute alikuwa akikumbuka jambo moja la mila. Mama wote hupeleka chakula kumbini katika chungu kimoja, na nyakanga huonja kabla ya wari, hao vijana wanaofundwa, kula.

"Mimi," akasema.

Mama Ngiri alimtazama toka masikioni hadi miguuni. "Wewe ulifundwa lini?"

"Dunia ndiyo iliyonifunda, mama."

"Ilikufunda nini?"

"Hayo ni ya kumbini. Hayasemwi barazani."

Jibu hilo Simba alilipenda, kwa sababu lilifanana na majibu yake mwenyewe. Kapute akavikwa ukanda wa unyakanga, ambao Tembo aliuvaa kifundoni na yeye ulimzunguka tumbo mara nyingi. Akamchukua Fisi, aitwaye Litunu, awe mlinda mlango.

"Na mimi nitakula nini hapo mlangoni?" Litunu akauliza.

"Utanusa, ndugu yangu. Kunusa ni nusu ya kula."

"Na nusu ya pili?"

"Siku ya kutoka wari, ukoko wote ni wako."

Litunu hakuwa mtu wa hesabu. Akakubali.

Kumbini Kapute aliketi juu ya kichuguu, wari wakaketi chini: mwana wa Simba, mwana wa Swala, vifaranga vya Kanga, na binti wa Ngiri aliyeitwa Nanjota. Chungu kikaletwa.

"Wanangu," akasema Kapute, "huko nje hakuna mama. Somo la leo ni kukosa." Akaonja. Akaonja tena, akaonja mpaka mwiko ukagonga udongo. "Mmeona? Ndivyo dunia ilivyo."

"Tumeona, nyakanga," wakaitika wari.

Kesho yake somo lilikuwa kuvumilia, na kesho kutwa lilikuwa kutotegemea mtu. Masomo yalibadilika majina, na chungu kiliisha vilevile. Wari walikonda, ila walikonda kwa heshima, wakiamini kwamba elimu ndivyo inavyouma. Usiku walijipenyeza chini ya ua wakachimbua wadudu. Kapute aliwasikia akajifanya amelala. Alijiambia kuwa na hilo pia ni somo, na kwamba bila shaka yeye ni mwalimu mkubwa kuliko alivyodhani.

Siku moja Nanjota akapiga goti. "Shikamoo, nyakanga. Mama anasema tusitoke kabla ya kuujua mng'oko."

Hapo Kapute alihisi ukanda unambana. Mng'oko ndio mzizi uliookoa bonde zima katika kila njaa. Yeye aliula tangu utotoni, ukiwa umechemshwa tayari katika vyungu vya wenzake. Majani yake hakuwahi kuyaona, maana siku za kuchimba alikuwa akiumwa mgongo. Angeweza kusema sijui. Ni neno dogo, lakini halikuwahi kupita katika kinywa chake, na mlango usiofunguliwa hushika kutu. Akaelekeza kidevu kwenye mmea utambaao uliokuwa karibu.

"Ule pale."

"Mbona una miiba, nyakanga?"

"Mlitaka uwe na mto wa kulalia? Chakula cha shida huchoma. Chimbeni huo huo, huko nje utawalisha."

"Tumesikia, nyakanga."

Siku ya kutoka ilifika. Mila ilitaka wari wachimbe wenyewe, wapike wenyewe, nyakanga aonje mbele ya wazazi, kisha wari wale na kutawanyika duniani. Asubuhi chungu kikiwa bado jikoni, Kapute alipita nyuma ya ua akamkuta Litunu amelala chali, povu mdomoni, ulimi umevimba kama kiazi.

"Ndugu, umekula nini?"

"Vipande vichache tu vya chungu cha wari," akasema Litunu. "Naona huo ukoko ulikuwa mbali sana. Kapute, kwa nini leo majua yametoka mawili?"

Kapute aliwahi kusikia wazee wakitaja ndiga, nduguye mng'oko kwa sura ya mzizi, ambayo isipokatwakatwa na kulowekwa siku kadhaa huwasha koo, hulevya, na kwa mwili mdogo huua. Sasa alijua kilichokuwa jikoni. Alijua pia kwamba wari wanakwenda kuishi kwa mzizi huo, kwa maneno yake.

Alipofika uwanjani wazazi walikuwa wamekaa, na chungu kilikuwa katikati kikitoa mvuke. Kapute alijipanga: ataonja kidogo, atatema pembeni, kisha atabuni hadithi. Lakini Nanjota alikuwa na njaa ya siku nyingi. Alidhani nyakanga ameshaonja, akanyoosha mkono kwenye chungu.

Kapute aliruka akakinyakua.

Uwanja mzima uliguna. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kunyakua chungu bila tamaa, na hapakuwa na kiumbe mmoja wa kumsadiki.

"Hata leo?" akasema Mama Ngiri. "Hata siku ya mwisho, Kapute?"

"Msile," akasema Kapute. "Huu si mng'oko. Ni ndiga."

Mwana wa Swala akamwambia mamake, bila ubaya wowote, "Ndivyo anavyofanya kila siku. Hutoa somo, kisha hula peke yake."

"Leo somo linaitwaje, nyakanga?" akauliza mwana wa Simba, na wazazi wakacheka kwa uchungu, kwa kuwa sasa walikuwa wakiziona mbavu za watoto wao.

"Nasema kweli," akasema Kapute. Alishangaa jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi yalipotoka kwake. Aliyatumia mno kwa kazi nyingine.

Simba akanyanyuka. "Nilikupa wari, ukala chakula chao. Sasa unataka na hiki walichochimba kwa kucha zao. Weka chungu chini, wale."

Wari wakasogea. Nanjota alikuwa mbele.

Kapute alitafuta katika werevu wake wote, akakuta umebaki ujanja mmoja tu, nao haukuwa ujanja. Akaingiza mkono chunguni, akachukua kipande kikubwa, akala. Akachukua cha pili.

Koo lilishika moto. Masikio yalisimama, yakalala, yakasimama tena moja moja. Akajaribu kusema neno, ulimi ukakataa. Akaanguka kifudifudi mbele ya baraza, na ukanda wa Tembo ukamfunguka.

Mama Ngiri alikimbilia chunguni akanusa, kisha akaenda kwenye mashimo ya wari akarudi na tawi. "Majani matatu kwenye kikonyo kimoja, na shina la miiba," akasema. "Mng'oko una jani moja moja, lenye umbo la moyo. Hii ni ndiga. Mwageni."

Wakamwaga. Kapute walimnywesha maji ya ukwaju mpaka akatapika, na Litunu vilevile, ingawa Litunu aliuliza kama ukwaju una nyama. Wari hawakutawanyika siku ile. Mama Ngiri aliwachukua, akawafunda kuchimba, na kumbi lilipokwisha walitoka wakiwa wazima.

Kapute alipopata sauti, Simba alimwambia, "Ningekutafuna, ila unanuka ndiga."

"Ahsante, mkuu."

"Usinishukuru. Hukuwahi kufundwa wewe. Mwaka ujao utaingia kumbini na watoto."

Na mwaka uliofuata akaingia. Aliketi chini kati ya vifaranga vya Kanga, magoti yakimpita kichwa, akachimba mpaka kucha zikakatika. Mama Ngiri alipouliza ni nani asiyejua kutofautisha mizizi miwili ile, Kapute alisikia jibu zuri la uongo likipanda kooni. Akalimeza.

"Sijui, mama," akasema.

Vifaranga vilimcheka. Akacheka nao, maana aliona wana haki, kisha akasogea mbele ili aoneshwe.

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.