Mashavu na Chui wa Ng'ambo

"Masikio yako wapi?"
"Yako kichwani!"
"Yamezibwa?"
"Yako wazi, mimina!"

Namimina. Hapo kale aliishi pimbi mmoja jike, jina lake Mashavu. Kazi yake ilikuwa kuchora wanyama majabalini, kwa ngeu, ule udongo mwekundu, na mkaa, na kijiti alichokitafuna ncha. Chwa! chwa! chwa! Akachora, akatazama, akafuta, akachora tena.

Pimbi wenzake walimsema. Hataki kuolewa! Anavaa suruali ya kaka yake!

"Nikipanda jabali nimejifunga kanga nitaanguka," akawajibu. "Mtaniuguza ninyi?"

Wakaenda zao. Mashavu akaishi na rafiki yake Kwale, aliyemsagia rangi, na nyumba yao haikukosa kicheko.

Wanyama wakaja kujitazama. Punda milia akaja, akajitazama, akasema, "Mbona tumbo kubwa?" Akaenda zake. Nyati akaja, akajitazama, akasema, "Mbona pua pana?" Akaenda zake.

Akaja Chui.  Alikaa mbele ya picha ya swala mpaka kivuli kikahama.

"Huyu anapumua," akanong'ona.

Moyo wa Mashavu ukaruka. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akamkaribisha aje tena, na tena.

Lakini Chui alikuwa na tumbo pia. Akaona wageni wanavyojaa pale. Akajibanza nyuma ya jiwe. Akaja swala kujitazama: kru! Akaja ngiri kujitazama: kru! Wageni wakaacha kuja. Ndipo Chui akamkandamiza Kwale chini ya ukucha.

"Chora wengine, wapya, wanono, waje wenzao. Ukikataa, huyu namtafuna."

"Usimtafune, Bwana Chui! Nitachora. Ila ukuta mpana uko ng'ambo ya korongo."

"Nenda. Huyu abaki."

Chui akasinzia, ukucha juu ya Kwale. Mashavu akashuka korongo, akapanda ng'ambo. Chwa! chwa! chwa! Hajawahi kuchora vile. Akarudi mbio.

"Bwana Chui, amka! Kuna chui mwenzio kule. Kabeba swala mzima, wala hana habari na wewe!"

Chui akafumbua macho, akatazama ng'ambo.

"Anapumua," akasema. "Na swala wangu!"

Akamwachia Kwale. Akaruka. Kucha zikakwaruza jiwe, kwaru! kwaru! Kisha chini, puu!

Chui hakuinuka tena.

Wanyama wakacheza ngoma. Kwale akacheza na bawa lake lililoumizwa na ule ukucha. Mashavu hakucheza.

"Unamlilia huyo mlafi?" Kwale akauliza. "Alitaka kunila!"

"Najua. Ningemdanganya tena leo hii. Meno yake siyalilii, shoga yangu. Nalilia macho yake."

Akaendelea kuchora mpaka akazeeka. Wanyama wakamsifu, wengine wakaanza hata kuvaa suruali. Lakini kila alipomaliza picha alirudi nyuma hatua chache, akasimama kimya, kama anayesubiri mtu aseme neno. Kisha akafunga rangi zake, akarudi nyumbani kwao, kwa Kwale.

Basi funzo, wanangu, ni hili: wasichana, oleweni mapema, jifungeni kanga, na mkichora, choreni vibaya, asije mtu akaumia.

Mnacheka nini?

Hadithi yangu imekauka. Mwenye mkono safi aiguse.