Wake Wenza Waliobadilishana Mashamba

Paukwa!
Pakawa!
Nikianza, mtaniacha njiani?
Hatukuachi, twende!

Basi hapo kale, katika nchi kavu ambako mvua huja ikipenda, palikuwa na mtu akiitwa Ndahani. Alikuwa na wake wawili: mkubwa Mbeleje, mdogo Sechelela. Kila mmoja alimpa shamba lake, na katikati akapanda ua wa minyaa.

Mbeleje alipanda mahindi. Mwaka huu mahindi, mwaka ujao mahindi, mwaka wa mbele mahindi. "Ndiyo yenye soko," alisema. Sechelela alipanda mtama. Penye mtama msimu uliofuata akapanda kunde. Kunde zikishavunwa, kipande kile akakiacha kipumzike.

Mvua ikiwa nzuri, Mbeleje alijaza ghala, akamcheka mwenzake. Mvua ikiwa haba, Mbeleje alivuna mabua, Sechelela akavuna chakula.

Wivu ukamwingia Mbeleje, jamani! Akipika, anachungulia ng'ambo. Akichota maji, anachungulia ng'ambo. Akisukwa nywele, shingo imegeukia ng'ambo.

Akamwendea mumewe. "Unanipunja! Udongo mzuri umempa kipenzi chako. Nalitaka shamba lile."

Ndahani akamtazama mke mdogo. Sechelela akageuka akalitazama shamba lake, maana jasho lake lilikuwa mle. Kisha akasema, "Mpe dada."

Wakabadilishana. Mbeleje akapanda nini?

Mahindi!

Kote! Mwaka wa kwanza yakastawi, akapita akiimba. Mwaka wa pili yakawa ya njano, membamba. Mwaka wa tatu mvua ikakatika, yakakauka hata mbelewele hayajatoa. Ng'ambo, katika udongo ule uliochoka, Sechelela alikuwa ameanza na kunde, na sasa mtama ulikuwa umeinamisha vichwa kwa uzito.

Mchana mmoja Mbeleje akawaita wanawe. Hakuna aliyekuja. Akachungulia kwenye minyaa. Wote walikuwa wameizunguka sahani ya Sechelela, na kitinda mimba yuko mapajani mwake, anamwita mama.

Njaa haikumuuma kama neno lile.

Akavuka ua. Watoto wakaacha kutafuna. Sechelela akasimama, akidhani ni ugomvi.

"Mdogo wangu," Mbeleje akasema, "nikikuona, moyo unaniuma."

"Najua, dada."

"Mahindi yakishavunwa, unapanda nini?"

"Kunde. Kisha mtama. Kisha unaiacha ardhi ivute pumzi."

"Na sokoni nitapeleka nini?"

"Kidogo cha kila kitu. Kimoja kikikataa, kingine kitakubali. Kaa ule kwanza."

Akakaa. Akala huku machozi yanamtoka.

Je, wivu uliisha?

Uliisha!

Thubutu! Msimu uliofuata Mbeleje alidamka kulima ili kunde zake zizishinde za mwenzake. Sechelela akaona, wivu ukamshika na yeye, akadamka mapema zaidi. Ndahani, aliyezoea kuamshwa na jogoo, akawa anaamshwa na majembe, huku na huku.

Hadithi yangu imefika mpakani mwa shamba. Tamu yake mmekula ninyi, makapi niachieni mimi.