Kakakuona Aliyefuta Maneno Yake

Masikio yapo?

— Yapo, yako wazi!

Niimwage ngano?

— Imwage, tuizoe!

Basi sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kutafuna, nashindwa kuisikia sauti yangu mwenyewe.

Hapo kale, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisema na kuandika, aliishi Kakakuona. Mnamjua Kakakuona? Yule mwenye magamba mwili mzima. Akishtuka hujiviringa akawa mpira, ukamtafuta kichwa usikione.

Kakakuona huyu alipenda kuandika. Aliandika kwa kucha, kwenye kuta za shimo lake. Asubuhi aliandika, mchana aliandika, jioni aliandika. Lakini nani alisoma? Hakuna. Labda mchwa, na hao mchwa wenyewe aliwala.

Habari aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya marehemu mama yake, Bi Hidaya. Mwaka wa kiangazi kikali, Bi Hidaya ndiye aliyechimba kisima cha nchi ile. Alichimba mpaka kucha zikalika. Maji yakatoka, naye akafa kwa uchovu, mtoto wake akiyaona yote. Wanyama walikuwa hoi kwa kiu, hawakujua nani kawachimbia. Walikunywa, wakapona, wakaendelea na mambo yao.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi. Masika yakiisha, udongo wa kando ya kisima huwa laini. Mwenye habari huiandika pale, jua likaikausha, ikabaki kusomwa. Mwaka mmoja wakubwa wakatangaza: "Habari itakayoandikwa mdomoni mwa kisima, hiyo ndiyo itakayokipa kisima jina."

Moyo wa Kakakuona ukaenda mbio. Kisima cha mama! Lazima kipewe jina la mama! Lakini kuandika nje, mbele ya macho ya watu?

Hata hivyo akajikaza, akatoka asubuhi na mapema. Akafika kisimani, akainama, akaanza: *Palikuwa na mama mmoja...*

Mara Tumbili akatokea juu ya mti. "Ala! Kakakuona! Kumbe unajua kuandika hivi?"

Jamani, hayo si matusi. Hizo ni sifa! Lakini Kakakuona alishtuka, vwip, akajiviringa. Akabiringika juu ya udongo, magamba yakapita juu ya maneno, maneno yote yakafutika. Alipofumbua macho, hakuona hata herufi moja. Amejifuta mwenyewe.

Akarudi shimoni analia.

Fisi akamsikia. Akaja, sauti tamu tamu. "Dada yangu, unalia nini? Wewe una haya, mimi sina. Niandikie kwenye jani la mgomba, mimi nitakwenda kukunakilia pale kisimani."

"Kweli, kaka?"

"Kweli, dada. Wewe kaa kwako, tulia."

*Kaa kwako, tulia.* Maneno matamu hayo kwa mwoga! Kakakuona akaandika kwenye jani. Jani likajaa kabla habari haijaisha, likaishia pale mama anapoanza kuchimba. Fisi hakungoja jani la pili. Akalinyakua, akaenda.

Kesho yake Kakakuona akachungulia kutoka kichakani. Akaona maneno yake mdomoni mwa kisima, yameandikwa vizuri. Akasoma. Lo! Pale penye jina la mama, Fisi ameandika jina la babu yake! Na wanyama wanakunywa wakisema, "Asante, Babu Fisi. Asante, Babu Fisi."

Hapo Kakakuona aliumia. Aliumia sana. Alijua udongo ukishakauka, mama yake amekwisha kabisa.

Akatoka kichakani. Mchana kweupe, wanyama wote wapo, yeye huyo anakwenda. Akasema, lakini sauti ilikuwa ndogo, "Habari hiyo ni yangu. Na kisima hicho alichimba mama yangu."

Fisi akacheka. "Mwoneni huyu! Haya, jiviringe tukuone! Viringika!"

Wanyama wakacheka. Kakakuona akahisi mgongo unaanza kupinda. Kichwa kikaanza kwenda tumboni. Kucha nazo zikaanza kujificha chini ya kifua. Ndipo akazitazama zile kucha, akajiuliza: zikiwa huku ndani, nitaandika na nini?

Akanyoosha mgongo. Akaegemea mkia, akasimama, tumbo lake laini lisilo na magamba likiwa wazi mbele ya wote. Alitetemeka, nisiwadanganye. Alitetemeka, lakini alisimama.

"Fisi," akasema, "babu yako alianza kuchimba. Kisha?"

"Kisha... akachimba."

"Kisha?"

"Kisha... akachimba tena."

"Kisha?"

"Aa, kisha maji yakatoka, babu akanywa, akashiba, akalala! Unataka nini zaidi?"

Wanyama wakatazamana. Tumbili akasema, "Mbona habari ilianza tamu, imeishia hivi? Kakakuona, hebu tuandikie wewe."

Kakakuona akainama kwenye udongo. Macho yote mgongoni kwake. Akaandika, na Tumbili akasoma kwa sauti:

*Maji yalipotoka, mama hakunywa. Alimwona mtoto wa Swala ameanguka kwa kiu. Akamwinua kichwa, akamlaza shavu kwenye magamba yake yaliyopoa kwa tope, akamnywesha yeye kwanza.*

Mara mama mmoja akapita katikati ya wanyama. Alikuwa Swala, mtu mzima sasa, ana watoto wake. Machozi yanamtoka.

"Mtoto huyo ni mimi," akasema. "Sikuona uso, nilikuwa nakufa. Lakini ubaridi ule shavuni sijausahau. Miaka yote hii nimetafuta nani wa kumshukuru." Akamgeukia Fisi. "Babu yako alikuwa na magamba?"

Fisi akajitazama manyoya. Wanyama wakamwamuru afute jina la babu yake kwa ulimi wake mwenyewe, akalamba tope mpaka jina likafutika. Na pale palipofutwa, Kakakuona akaandika: *Hidaya.*

Swala akawa wa kwanza kuinamia maji. "Asante, Bi Hidaya," akasema, akanywa. Tumbili akasema, "Asante, Bi Hidaya," akanywa. Wakapita wote, mmoja mmoja. Kakakuona akasimama kando akisikiliza. Miaka mingi jina lile lilikuwa kwenye kuta za shimo lake tu. Sasa lilikuwa vinywani mwa nchi nzima, naye akalia kwa furaha asijifiche.

Mwisho alibaki Fisi. Jua kali, koo limekauka kwa tope. Akazunguka kisima, akatazama huku, akatazama kule. Mwishowe akainama.

"Asante, Bi Hidaya."

"Hatukusikia!" wakasema wote.

"ASANTE, BI HIDAYA!" Akanywa.

Basi, wenzangu, ngano hii inatufundisha hivi: mwenye jambo la kuandika asingoje woga uishe, maana woga hauna haraka ya kuondoka. Atoke nao hivyo hivyo, aandike mkono ukitetemeka. Na asimpe mwingine kazi ya kusema shukrani zake.

Nami naishia hapa. Pale iliponoga, mmeinogesha nyinyi kwa kusikiliza. Pale ilipochacha, nirudishieni nikaipike upya. Asanteni, mbaki salama.

— Asante, nenda salama!