Jogoo wa Mama Leokadia na Sanduku la Umeme

Hapo zamani, enzi umeme ulipokuwa ukiondoka bila kuaga, aliishi Ifakara mama mmoja, Mama Leokadia, mwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Wanawake wa mtaa walimletea mayai yao. Umeme ukakatika, yote yakawa viza. Wakamnunia mpaka kanisani; wakati wa kupeana amani hakupata hata kidole. Roho ilimuuma. Aliwabembeleza mpaka wakamletea mengine, wakamwambia hii ndiyo mara ya mwisho.

Akatangaza: fundi atakayeifanya mashine isizimike atapewa jogoo wake wa kuchi, ile mbegu ndefu ya bei kubwa.

Akaja fundi Ligalama. Akaunda sanduku kubwa: sehemu moja ya kuchaji betri, nyingine ya kutoa umeme wa betri, feni ya kupooza zote, na swichi ya kuitenga nyumba na nguzo za barabarani umeme ukikatika. Umeme ukakatika. Sanduku likachemka, feni ikala betri, mashine ikazima. Mama Leokadia akayafunika mayai kwa blanketi mpaka umeme uliporudi.

Akaja fundi Mkwawila. Akasema betri haichaji na kutoa kwa wakati mmoja, sasa sehemu mbili za nini? Akabakiza moja, ifanye kazi zote mbili kwa zamu. Akatoa feni. Kutoa kukamnogea, akatoa na ile swichi ya kutenga nyumba na nguzo. Umeme ukakatika. Umeme wa betri ukakimbilia barabarani, taa za grosari ya jirani zikawaka, walevi wakapiga makofi, betri ikazimia. Mama Leokadia akaingia blanketini pamoja na mayai.

Akaja Asteria, fundi redio. Hakuunda, hakupunguza. Akarudisha ile swichi, akaenda zake sokoni. Umeme ukakatika. Mashine ikanguruma mpaka umeme ukarudi, na siku zilipotimia vifaranga wakalia. Mama Leokadia naye akalia, kwa furaha.

Kesho yake mafundi wote watatu wakawa uani.

“Nisingeunda,” akasema Ligalama, “wenzangu wangepunguza nini, wangerudisha nini?”

“Mayai yameokolewa na vile vitu nilivyovitoa,” akasema Mkwawila.

“Bila nilichorudisha,” akasema Asteria, “mngekuwa bado mnawasha grosari.”

Mama Leokadia akamkumbatia jogoo, akawaza. Sanduku litaharibika tu siku moja, na fundi atakayemnunia leo hataitika siku hiyo.

Haya wenzangu, jogoo hagawanyiki. Je, nani anamstahili: aliyeweka, aliyetoa, au aliyerudisha?