Pua ya Bi Mwanahawa

Paukwa! Itikieni kwa nguvu, wajukuu, kinu hakitwangi kwa kunong'ona. Pakawa! Basi palikuwa na mji, zamani zile babu wa babu yangu hajaota jino, na katika mji huo kila nyumba ilikuwa na bizari yake. Vipimo havikusemwa. Mama alitwanga peke yake, akanusa, akanyamaza.

Huko aliolewa binti mmoja, Kazija. Mama mkwe wake, Bi Mwanahawa, ndiye aliyekuwa bingwa wa bizari ya pilau. Akitwanga, tu-tu-tu, mtaa mzima unameza mate. Akikaanga, wapita njia wanasahau waendako.

Sasa sikilizeni. Siku moja kabla ya harusi ya binti yake kitinda mimba, Bi Mwanahawa aliwasha moto asubuhi akaanza kukaanga viungo. Na viungo, wanangu, kila kimoja hukaangwa peke yake: giligilani kwanza, bizari nyembamba mwisho, maana hiyo huungua ukipepesa macho. Kazija anachambua mchele, mara harufu ya kuungua ikampiga. Kutazama, moshi! Na Bi Mwanahawa anakoroga tu, anatabasamu, pua imeziba kwa mafua ya siku tatu aliyoyaficha.

Kazija akawaza. Akisema, atamvunjia mama mkwe heshima. Asiposema, pilau itakuwa chungu na wifi yake ataaibika mbele ya wakwe.

"Mama, naona imeungua."

"Mimi nakaanga bizari tangu hujazaliwa! Nasikia harufu yake, nzuri kabisa."

Kazija akaenda stoo, akarudi na kipande cha papa mkavu. Mnacheka? Ngojeni!

"Basi mama, fumba macho uniambie hii nini, nami nijifunze."

Bi Mwanahawa akafumba, akanusa kwa maringo. "Iliki hiyo. Tena mpya."

Akafumbua macho, akamwona papa. Kazija akatamani ardhi ipasuke immeze.

Kisha bibi akaanza: he! hehe! Akacheka mpaka akakaa chini, kanga ikamdondoka.

"Papa nimemwita iliki! Mwaga hiyo, mwanangu. Mkono ninao, pua sina. Lete yako."

Akamnong'oneza vipimo: giligilani konzi tatu, iliki nusu konzi, vyote. Yeye anakoroga, Kazija ananusa. "Bado, mama. Bado. Epua!" Wakatwanga, wakachekecha, wakatwanga tena.

Siku ya harusi watu walijilamba vidole. "Bi Mwanahawa, leo umejipita! Umefanyaje?"

Kazija akainamisha kichwa. Bibi akasimama mbele ya masinia yote, akapaza sauti: "Juzi na jana sikusikia harufu hata ya papa! Pilau hii ni ya pua ya mkwe wangu, Kazija!"

Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakaruka ua. Kazija alilia kwa furaha, na mama mkwe akamfuta machozi kwa kanga yake.

Basi nanyi, siku pua zenu zikiziba, semeni zimeziba. Aliye karibu atawanusia.

Kisa kimeiva, nimekiepua. Mkikiona kitamu, gawaneni. Chumvi ikizidi, hiyo nimetia mie.